Paka Alipewa Nini?

Mlioko jikoni, funikeni chungu kidogo tusikilizane. Mlioko barazani na vikombe vya kahawa, karibuni. Ni mimi yule yule daktari wenu wa mifugo, na leo ng'ombe wapumzike. Mbuzi na kuku nao wapumzike. Juma lililopita niliwaahidi zamu ya paka, na tangu siku hiyo kila paka ninayempita uchochoroni ananitazama kama mtu anayenidai.

Nianze na mama mmoja aliyenijia asubuhi na kikapu cha ukili, juu kimefungwa kanga. Ndani ya kikapu, paka. Dume, rangi ya machungwa iliyofifia, jina lake Kashata. Nilipofungua ile kanga nikaona kidevu kimechubuka mpaka kinatoa majimaji, masikio ndani mekundu, na shingoni manyoya yamenyofoka mafungu mafungu. Na Kashata mwenyewe hakuwa na habari na mimi. Mguu wa nyuma unakuna. Unakuna. Unapumzika kidogo, unakuna tena.

Nikamuuliza yule mama swali moja: "Alipewa nini?"

"Hakupewa kitu, daktari."

"Hata dawa?"

"Dawa? Dawa gani, paka huyu!"

Sikubishana naye. Tukaongea habari za mvua, tukaongea bei ya dagaa, na ilikuwa kwenye hao dagaa mama akanyamaza, kisha akasema taratibu: "Labda ile septrini." Kumbe Kashata alikuwa amepigana na shume wa nyumba ya pili, akarudi na kidonda mguuni. Mtoto wa nyumbani alikuwa amebakisha septrini za kikohozi. Mama akawa anakata robo, anasaga, anachanganya na dagaa. Siku ya ngapi hiyo? Ya kumi. Na kujikuna kumeanza lini? Juzi.

Basi, msikilizaji, hapo ndipo tulipo leo: ngozi ya paka inapogombana na dawa. Na kama utaitwa nje sasa hivi ukakosa yote yaliyobaki, nenda na swali hili moja. Alipewa nini? Paka akianza ghafla kujikuna, kuvimba uso, kunyonyoka au kutoa malengelenge, kabla hujakimbilia dawa mpya, jiulize kwanza dawa aliyokwisha kupewa.

Kwa nini dawa iliyokuja kuponya igeuke kuwasha? Wenye umri wangu wanaikumbuka klorokwini. Unameza kwa malaria, homa inashuka, usiku unakesha unakuna nyayo na viganja, na mwenye kukuangalia haoni hata kipele kimoja. Wengine wanakumbuka mtu aliyemeza vidonge vya salfa vya malaria, wiki ikapita, midomo ikababuka. Sisi wanadamu tulikuwa na mdomo wa kulalamika, tukaenda kwa daktari tukasema: ile dawa hainipendi. Paka hana maneno hayo. Anachoweza kusema anakisema kwa kucha na kwa ulimi.

Sasa nieleze kidogo mambo yanavyokwenda ndani ya mwili. Chukua mfano wa sungusungu wa kijiji. Kazi yao ni kulinda, na kazi hiyo ni njema. Lakini usiku mmoja anapita mgeni, hana baya, amekuja kumtembelea shangazi yake. Mmoja anapiga yowe: mwizi! Kijiji kizima kinatoka na marungu. Mgeni anapigwa, na katika purukushani hiyo hata nyumba za watu zinavunjwa milango. Mwili wa paka nao una sungusungu wake. Kuna siku wanamkosea mgeni, wanaiona dawa kama adui, na purukushani yao inatokea kwenye ngozi. Huo ndio mzio, au aleji kama tunavyosema mitaani.

Na sungusungu hao wana kumbukumbu. Mgeni yule akirudi, hawamngoji afike hata kwenye mwembe. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jambo lililowashangaza wao wenyewe. Waliwachoma mbwa sumu iliyotoka kwa mnyama mmoja wa baharini mwenye minyiri inayochoma. Mbwa waliopona wakachomwa tena baada ya majuma kadhaa, safari hii kiasi kidogo tu, wakitarajiwa kuwa wameshazoea. Wakafa kwa dakika. Richet alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Daktari, dawa hii mbona mwaka jana alipewa na hakudhurika?", mimi namjibu kuwa mwaka jana ndipo walipofahamiana.

Mzio huu una mwendo wa aina mbili, wa haraka na wa polepole. Tuuanze wa haraka, maana huo haukupi nafasi ya kutafuta namba ya simu.

Paka amechomwa sindano, iwe ya dawa au ya chanjo. Dakika chache zinapita, au saa moja mbili. Uso unaanza kuvimba, macho yanakuwa membamba, anajikuna, anatapika, anaharisha. Na hapa nawaomba sana mnisikilize: kwa paka, mapafu huingia matatani mapema. Ukiona paka anahema mdomo wazi kama mbwa aliyekimbia, hiyo ni dharura. Mbwa kuhema hivyo ni kawaida yake. Paka si kawaida yake hata kidogo. Mrudishe pale pale alipochomwa sindano, sasa hivi, usingoje chai iive. Na ndiyo maana mimi paka akishachomwa sindano humwambia mwenyewe akae kwenye benchi nusu saa. Wengine hununa. Wanadhani nawachelewesha makusudi.

Mwendo wa polepole ndio uliompata Kashata. Huo huja siku ya tano, siku ya kumi, hata wiki ya tatu, na kwa sababu hiyo watu hawauunganishi na dawa. Wengine dozi imeshaisha wakasahau. Ngozi inawasha, hasa usoni, masikioni na shingoni. Wakati mwingine vidonda vinatokea kwenye midomo, kwenye nyayo, kandokando ya kucha. Wakati mwingine huoni kidonda chochote, unaona tumbo la paka limekuwa uchi. Manyoya yameenda wapi? Ameyalamba. Paka ni mstaarabu, hujilamba akiwa peke yake chini ya kitanda, wewe ukaapa kwamba hajikuni. Tazama anachotapika: kama ni vifungu vya manyoya kila siku, ulimi haujapumzika.

Iko hali moja mbaya zaidi, nayo ni adimu, lakini nikiinyamazia nitakuwa nimewakosea. Ngozi inavuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Ukiigusa inateleza chini ya kidole, na paka ana homa, hali. Huyo ni wa kupelekwa leo, asingoje kesho.

Dawa gani huleta haya? Jibu la kweli ni kwamba dawa yoyote yaweza. Lakini zinazotajwa mara nyingi ni za kuua bakteria: za jamii ya salfa, za jamii ya penisilini, na binamu zao sefalosporini. Neno jamii hapa nimelitumia kwa makusudi. Amoksilini, ampisilini, ampiklox: maboksi mbalimbali, ukoo mmoja wa penisilini. Septrini ya mtoto na ile poda ya salfa ya kuku wenye kuharisha damu, ukoo mmoja pia. Paka aliyegombana na mmoja, usimletee ndugu yake kwa jina lingine.

Nina neno pia kwa ndugu zetu wanaotusikiliza kwa simu kutoka Muscat, London na kwingineko, ambako paka huishi mpaka uzee mrefu na hupimwa damu. Huko paka wazee wengi hupatikana na tezi ya shingo iliyozidisha kazi, wanakula sana na wanakonda, na hupewa vidonge vya methimazoli. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya paka 262 waliopewa dawa hiyo. Wachache, kama wawili watatu kwa kila mia, walijikuna uso na shingo mpaka kuchubuka. Huwa ni katika wiki za mwanzo. Ukiona hivyo, mpigie daktari wako siku hiyo hiyo, tiba nyingine za tezi zipo.

Sasa turudi kwenye lile swali. Alipewa nini? Nimegundua kwamba watu wakisikia dawa wanafikiri kidonge na sindano tu. Nikiuliza tena kwa njia nyingine ndipo yanapotoka. Tone la sikio? Ndiyo, la mwezi uliopita. Unga wa viroboto? Ndiyo, lakini kidogo. Dawa ya bluu ya kupuliza, ile ya vidonda vya mbuzi? Hiyo ndiyo, lakini si dawa ile, ni rangi tu! Jamani. Na maji ya kuogeshea yalikuwa na nini? Hapo ndipo kimya kinapotanda.

Msikilizaji, paka ana tabia ambayo ng'ombe hana: kila kitu kilichoko kwenye manyoya yake atakilamba. Kinachopakwa mgongoni huishia tumboni. Oili chafu ya gari, mafuta ya taa, dawa ya josho iliyobaki kwenye chupa ya soda, ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka kuwa nyeupe kama maziwa ukiitia majini: vyote hivyo vinaunguza ngozi yake kwanza, kisha vinaingia mwilini kwa njia ya ulimi. Watu huvitumia kwa nia njema. Nimewaona wakilia juu ya paka waliyemuua kwa nia njema.

Na hapa lazima nitenganishe mambo mawili yanayofanana kwa sura. Mzio ni ule ugomvi wa sungusungu, huwapata baadhi ya paka tu. Sumu ni jambo lingine, humpata paka yeyote. Panadoli ni sumu kwa paka. Narudia polepole kwa aliyekuwa anamhudumia mtoto: panadoli ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kile unachomeza wewe kichwa kikiuma, chaweza kumuua. Uso unavimba, nyayo zinavimba, na mtu anadhani ni aleji. Mfungue mdomo utazame fizi: badala ya waridi zimekuwa rangi ya chokoleti, au za samawati. Damu haibebi tena hewa sawasawa.

Kwa nini wewe umeze upone, naye afe? Ini lako lina kimeng'enya kinachoifunga ile dawa na kuitoa nje. Paka hana, vinasaba vya kukitengenezea vimekufa katika ukoo wake tangu zamani za kale. Hata simba wa Serengeti, pamoja na mngurumo wote ule, ana upungufu huo huo. Dawa ya kumwokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, na hospitali za binadamu huitumia pia, lakini inataka saa chache, haingoji siku.

Jambo la pili la namna hiyo ni zile dawa za viroboto vya mbwa za kudondosha mgongoni, zenye pemethrini. Kwenye boksi kuna picha ya mbwa. Hiyo picha si mapambo. Paka akidondoshewa hiyo, masikio yanacheza, mwili unatetemeka, kisha degedege. Kama bado ana fahamu zake, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge kwenye taulo, mkimbilie daktari. Na sisemi hivi kwa kusikia. Miaka ya nyuma, katika mji ambao sitautaja, muuza duka alimuuzia mtu wa nyumbani kwetu chupa ya mbwa na kumwambia agawe nusu kwa paka. Paka huyo tulimzika nyuma ya banda. Nilikuwa nimeshasoma udaktari wakati huo, na sikuwa nimewaambia watu wa nyumbani kwangu.

Niwatoe hofu kidogo sasa, maana naona tumetishana vya kutosha. Paka wengi wanaojikuna hawana ugomvi wowote na dawa. Wana viroboto. Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Punje nyeusi zikiacha doa jekundu, ni kinyesi cha kiroboto. Wengine wana upele wa utitiri, unaoanzia kwenye ncha za masikio na kuweka magamba magumu. Wengine wana choa, yale mabaka ya mviringo, na hayo huhamia kwa watoto wanaolala na paka. Paka weupe nao, kwa jua letu hili la pwani, huungua masikio na pua, na kidonda cha hapo kisichopona hutakiwa kupimwa kama ni saratani. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kila mkuno ni dawa. Nasema dawa iwe kwenye orodha ya washukiwa, maana sasa hivi haimo kabisa.

Na chanjo je? Kuna mtu atazima redio hapa akasema daktari kakataza chanjo. Sikukataza! Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, si kwa paka si kwa mtu, na chanjo ndiyo kinga. Mchanjeni paka. Ila uvimbe mdogo pale palipochomwa ni jambo la kawaida, hupungua wenyewe. Tangu mwaka 1991 madaktari wanajua kwamba kwa nadra sana, paka mmoja katika maelfu, uvimbe huo hugeuka saratani. Kwa hiyo tuna kipimo chepesi: uvimbe ukikaa miezi mitatu, au ukizidi upana wa sentimita mbili, au ukiendelea kukua baada ya mwezi mmoja, mlete. Ndiyo sababu pia siku hizi tunachoma chini kwenye mguu badala ya katikati ya mabega. Mguu ukiharibika unaweza kukatwa na paka akaishi.

Basi tufanye nini, tukishashuku dawa? Kwanza, usiongeze nyingine. Wazee walisema dawa ya moto ni moto. Kwenye ngozi ya paka msemo huo haufanyi kazi. Usikimbilie hata ile sindano ya kukata muwasho ambayo watu huja kuniomba kwa jina. Inakata kweli, lakini ikirudiwarudiwa ngozi ya paka inakuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa, inachanika ukimshika tu, na kisukari kinamwingia.

Pili, simamisha dawa inayoshukiwa, na mpigie aliyeitoa. Nasema mpigie, kwa sababu ziko dawa zisizokatwa ghafla, kama za kifafa, au zile za steroidi alizozitumia muda mrefu. Lakini kama ni septrini ya mtoto uliyoikata kwa kisu cha vitunguu, hiyo huna wa kumpigia. Iache leo.

Tatu, mzuie kujiumiza. Kata boksi la katoni, umvishe shingoni kama kola. Atakuchukia siku mbili. Na kidonda usikitie chumvi, wala spiriti, wala majivu. Maji safi ya uvuguvugu yanatosha mpaka ufike kwa daktari. Ukija, njoo na boksi la dawa lenyewe. Usije na maelezo ya kidonge cheupe cha mviringo. Vidonge vyeupe vya mviringo ni vingi kuliko paka.

Usitegemee apone kesho. Dawa huondoka mwilini kabla ngozi haijasahau, na mara nyingi ni wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi. Wala usimpe tena ili uhakikishe kama kweli ndiyo iliyomdhuru. Wapo wanaojaribu. Wakumbuke wale mbwa wa Richet.

Kashata alikaa na kola ya katoni yenye maandishi ya sabuni kwa siku kumi na nane. Manyoya ya shingoni yalirudi, mepesi kidogo kuliko ya mwanzo. Kidonda cha mguuni, kile kilichomletea septrini zote zile, kilipona chenyewe kwa kusafishwa. Na nilipopita nyumbani kwao, nikaona nyuma ya mlango wa jiko yule mama ameandika kwa mkaa, herufi kubwa: KASHATA HAPEWI SALFA.

Nanyi andikeni. Mkaa, chaki, kalamu ya mtoto, chochote kilichopo. Jina la dawa, na siku aliyopewa. Mimi nitawangoja juma lijalo saa hizi hizi, tuzungumze kuku na kideri. Usiku mwema.